Cheti Kisichofutika: Namna ya Kuchapa na Kutunza Kadi za Sakramenti



Miaka michache iliyopita nilipigiwa simu na paroko mwenzangu wa Dar es Salaam. Mbele yake alikuwa ameketi kijana aliyebatizwa na kupewa Kipaimara kwetu huku pwani ya Kilwa, ambaye sasa anafanya kazi mjini na alikuwa katika maandalizi ya ndoa. Matangazo yalitarajiwa kuanza Dominika iliyofuata. Kijana alikuwa ameleta kadi yake ya ubatizo, kadi nzuri ya manila nyeupe, lakini juu yake yalikuwa yamebaki mambo mawili tu: mhuri wa parokia na sahihi yangu. Jina lake, tarehe ya ubatizo, jina la msimamizi na namba ya daftari vilikuwa vimebanduka kama magamba ya samaki.

“Padre,” aliniuliza kwa upole, “kadi hii mliichapa kwa kitu gani?”

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu jibu nililijua. Niliichapa mwenyewe. Ilikuwa usiku wa kuamkia adhimisho la Kipaimara, nikiwa na kadi 42 za kuandaa, manila iliyonunuliwa siku hiyohiyo, na printa ya leza ya ofisini ambayo kila siku hutuchapia matangazo ya Dominika. Niliiweka manila katika trei, nikabonyeza kama ninavyobonyeza siku zote, na kadi zikatoka zikiwa zimependeza. Asubuhi nilizipiga mhuri na kuzitia sahihi. Wazazi walifurahi. Hakuna aliyejua kwamba maandishi yale yalikuwa yamekaa juu ya kadi bila kushikana nayo.

Tangu simu ile nimejifunza jambo ambalo napenda kulishirikisha kwa waamini wote, hasa makatibu wa parokia, makatekista, viongozi wa jumuiya na vijana wetu wenye maduka ya steshenari. Karatasi nene haitaki wino mwingi zaidi. Inataka joto na muda. Anayelielewa hilo atachapa kadi itakayodumu. Asiyelielewa atampa mwamini kadi itakayomwaibisha siku atakapoihitaji.

Kadi hii ina kazi gani?

Tuanze na jambo lenyewe la Kanisa. Kadi ya ubatizo si sakramenti, na wala si kumbukumbu ya asili. Kumbukumbu ya asili ni daftari la ubatizo linalotunzwa parokiani. Kwa mujibu wa Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 535, kila parokia sharti iwe na madaftari ya ubatizo, ya ndoa na ya marehemu. Katika daftari la ubatizo huandikwa pia Kipaimara, ndoa, daraja takatifu na nadhiri za daima, na mambo hayo yote yanapaswa kuonekana katika cheti cha ubatizo kila kinapotolewa. Kanuni hiyohiyo inadai kwamba parokia iwe na mhuri wake, na kwamba hati zinazohusu hali ya mwamini ndani ya Kanisa zitiwe sahihi na paroko au mjumbe wake, kisha zipigwe mhuri.

Desturi hii si mpya. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko kuandika katika kitabu majina ya wanandoa na ya mashahidi, pamoja na siku na mahali ndoa ilipofungwa. Sababu ilikuwa ya kichungaji: kulikuwa na watu waliofunga ndoa kwa siri, wakawaacha wake zao na kufunga ndoa nyingine kwingine, na aliyeachwa hakuwa na ushahidi wowote wa kumtetea. Kitabu kilikuja kumlinda mnyonge.

Huku kwetu hitaji hilo ni kubwa. Katika wilaya ya Kilwa sisi Wakatoliki ni wachache kati ya ndugu na majirani zetu Waislamu, na wengi wetu ni watu wa kuja na kuondoka: walimu, wauguzi, askari, wafanyakazi wa gesi ya Songo Songo, vijana wanaofuata kazi Lindi, Mtwara au Dar es Salaam. Mwamini wa namna hiyo hubatizwa hapa, hupokea Komunyo ya Kwanza pale, na kufunga ndoa kwingine kabisa. Daftari halisafiri naye. Kinachosafiri naye ni kadi.

Kadi ile humweleza paroko asiyemfahamu kwamba mtu huyu ni mwana wa Kanisa, amebatizwa siku fulani, na kumbukumbu yake iko katika daftari fulani kwa namba fulani. Namba hiyo ikisomeka, simu moja inatosha. Isiposomeka, itabidi mtu apekue majina ya miaka mingi. Na zipo nyakati ambapo kufuata cheti kwa miguu haiwezekani. Mwezi Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara ya kusini eneo la Somanga, na wasafiri wa pande zote mbili wakakwama. Siku kama hizo, kadi inayosomeka humwepusha mwamini na safari isiyowezekana.

Printa ya leza inavyofanya kazi

Wengi hudhani kwamba printa ya leza huandika kwa wino wa maji kama kalamu. Sivyo. Inaandika kwa unga. Katriji yake ina unga laini mno uitwao tona, na sehemu kubwa ya unga huo ni plastiki iliyosagwa na kuchanganywa na rangi.

Chanzo cha ufundi huu ni jaribio dogo. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika mtaa wa Astoria mjini New York, Mmarekani Chester Carlson pamoja na msaidizi wake Otto Kornei walisugua kwa kitambaa bamba lililopakwa salfa hadi likapata umeme tuli, ule umeme unaofanya nywele zisimame ukizichana wakati wa ukavu. Kisha waliliangazia bamba hilo kupitia kioo chenye maandishi. Mwanga ulipopita, umeme ulitoweka. Penye kivuli cha herufi, umeme ulibaki. Waliponyunyiza unga, ukanasa penye herufi tu. Wakaukandamiza unga huo kwenye karatasi yenye nta na kuipasha joto, na maandishi yakabaki hapo. Miaka thelathini hivi baadaye, Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox alitumia mwali wa leza kuchora herufi, na ndipo ikazaliwa printa tunayoijua leo.

Hatua za msingi zimebaki zilezile. Leza huchora ukurasa kwa umeme tuli juu ya silinda iitwayo dramu. Tona hunasa penye mchoro. Karatasi hupita chini ya dramu, na umeme huivuta tona iiache dramu na kukaa juu ya karatasi. Katika hatua hiyo maandishi yapo, lakini ni vumbi tupu. Ukiweza kuitoa karatasi hapo na kuipuliza, kila kitu kitapeperuka.

Hatua ya mwisho ndiyo inayoamua. Karatasi hupita kati ya rola mbili, moja ikiwa ya moto sana, kwa kawaida kati ya nyuzijoto 180 na 200 za Selsiasi. Mafundi huiita sehemu hii fyuza. Joto huyeyusha plastiki ya tona, nalo kandamizo la rola huisukuma ipenye katika nyuzi za karatasi. Ikipoa, plastiki na karatasi huwa kitu kimoja. Ndiyo maana karatasi iliyotoka printani ni ya moto mkononi.

Kwa nini manila husumbua

Karatasi hupimwa kwa uzito wa mita moja ya mraba. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina gramu 80. Manila na kadi ngumu nyingine huwa kati ya gramu 160 na 300. Chukua kadi ya gramu 200: ina uzito mara mbili na nusu ya karatasi ya kawaida. Maana yake, inahitaji joto mara mbili na nusu ili ifikie umoto uleule.

Lakini printa haijui kwamba umeweka manila. Iko katika mwendo wake wa kawaida, na kila herufi hupita kati ya rola kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Katika muda huo mfupi kadi nene hunyonya joto lote, na tona hubaki vuguvugu. Inalainika upande wa juu uliogusa rola, hivyo inang'aa na kupendeza macho, lakini upande wa chini haujayeyuka wala kupenya. Ni kama chapati iliyopikwa kwenye chuma ambacho hakijashika moto: juu ina rangi, ndani ni unga.

Kadi ya namna hiyo hudanganya. Siku ya kwanza ni safi. Ikikunjwa, herufi hupasuka kwenye mkunjo. Ikikaa miezi katika mkoba ikisuguana na vitu vingine, huanza kumeguka. Sahihi na mhuri hubaki, kwa sababu wino wake ni wa maji au wa mafuta na ulinywewa na kadi. Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wetu.

Hewa ya pwani

Sisi wa pwani tuna tatizo la pili, nalo ni unyevu. Hasa kuanzia Desemba hadi Aprili, chumvi mezani hulowa, milango ya mbao huvimba, na karatasi nayo hunywa maji ya hewani bila kuonekana imelowa. Manila yenye unyevu huleta madhara matatu. Kwanza, umeme tuli hupotea kwa urahisi katika kitu chenye unyevu, hivyo tona haivutwi yote na maandishi hutoka na mabaka meupe. Pili, joto la fyuza hutumika kugeuza maji kuwa mvuke badala ya kuyeyusha tona. Tatu, upande mmoja hukauka kuliko mwingine, na kadi hujikunja kama jani la mgomba juani, kisha hukwama ndani ya mashine.

Dawa yake ni nyepesi. Usifungue bando la manila mpaka siku ya kuchapa. Zinazobaki zifungwe tena katika nailoni yake na kuwekwa juu ya kabati, si sakafuni wala kwenye ukuta unaotoa unyevu. Ikiwa ofisi ina kiyoyozi na manila ilikuwa stoo, iache ofisini ikiwa bado imefungwa kwa saa kadhaa ili izoee hali ya chumba.

Hatua za kuchapa

1. *Soma uwezo wa mashine yako.* Kitabu cha maelekezo hutaja uzito wa juu wa karatasi. Printa nyingi ndogo za ofisi hukomea kwenye gramu 160 hivi, tena kwa trei ya mkono tu. Ukilazimisha gramu 300 katika mashine ya namna hiyo, utaharibu kadi na huenda ukaharibu mashine. Kwa cheti cha ubatizo, gramu 160 zinatosha kabisa. Unene wa kupita kiasi ni mapambo.

2. *Chagua manila isiyong'aa.* Kadi yenye mng'ao wa plastiki, hasa ile iliyotengenezwa kwa printa za wino wa maji, inaweza kuyeyuka na kuganda kwenye rola ya moto. Vivyo hivyo, usipitishe kadi yenye pambo la dhahabu la kubandikwa, gundi au stika. Mng'ao una hasara nyingine pia: wino wa mhuri haukauki juu yake.

3. *Tumia trei ya mkono na mlango wa nyuma.* Katika trei ya chini, karatasi hupinda sana inapozunguka rola, na kadi nene hukataa kupinda. Trei ya mkono huipitisha kwa njia iliyonyooka zaidi. Mashine nyingi zina mlango mdogo nyuma. Ukiufungua, kadi hutokea huko bila kupindishwa tena.

4. *Iambie mashine kwamba karatasi ni nene.* Hapa ndipo nilipokosea mimi. Kabla ya kuchapa, fungua mipangilio ya printa kwenye kompyuta na utafute aina ya karatasi. Mashine nyingi hutumia maneno ya Kiingereza “Thick”, “Heavy” au “Cardstock”. Ukichagua mojawapo, printa hupunguza mwendo, na baadhi huongeza joto. Utasikia mlio wake umebadilika na kadi zinatoka polepole. Usiudhike na uvivu huo. Huo ndio muda ambao tona inauhitaji.

5. *Tenganisha kadi kabla ya kuziweka.* Zipepee kwa vidole kama mtu anayehesabu noti mpya, ili zisishikane. Weka chache kwa mara moja. Kadi zilizokatwa kwa mkasi huwa na ncha zenye nyuzi zinazoingia mashinani. Ni heri kuchapa kwenye karatasi nzima ya A4 kisha kukata baadaye.

6. *Usitumie uchapaji wa pande mbili wa mashine yenyewe.* Chapa upande wa kwanza, ziache kadi zipoe zikiwa zimelala chini ya kitabu kizito, kisha geuza kwa mkono na kuchapa upande wa pili.

7. *Hakikisha umeme.* Fyuza hutumia umeme mwingi kwa ghafla. Kwenye sola ndogo au UPS ya kompyuta, printa ya leza inaweza kuzima kila kitu. Vigango visivyo na umeme wa kutosha vichape kadi parokiani kabla ya siku, wala visisubiri usiku wa kuamkia sherehe.

Jaribio la ukucha

Chapa kadi moja tu kwanza. Iache ipoe kwa dakika tano. Kisha fanya mambo matatu: kwangua herufi kwa ukucha, bandika selotepu juu ya jina na kuibandua taratibu, kunja pembe moja penye maandishi na kuifungua. Ikiwa ukucha umebaki safi, selotepu haina vumbi jeusi na mkunjo haujamwaga herufi, endelea na zilizobaki. Ikiwa tona imetoka, usiendelee. Ongeza kiwango cha unene katika mipangilio, au tafuta manila nyepesi zaidi.

Kadi iliyokwisha kuchapwa vibaya, ikiwa bado haijatiwa sahihi wala mhuri, wakati mwingine huokolewa. Ipitishe tena mashinani kwa mpangilio wa karatasi nene, ukichapa ukurasa mtupu, ili joto la fyuza liiguse mara ya pili. Kisha rudia jaribio. Isipofaulu, ichane na uchape nyingine.

Napendekeza jambo moja zaidi kwa maofisi ya parokia. Printa ichape yale ya jumla: kichwa cha cheti, jina la parokia na mistari. Lakini jina la mbatizwa, tarehe na namba ya daftari viandikwe kwa mkono, kwa kalamu nyeusi isiyofutika kwa maji. Hatutegemei tena mashine peke yake, na anayeandika hulazimika kutazama daftari kwa macho yake badala ya kunakili kutoka kadi ya jana.

Namna ya kutunza kadi nyumbani

Ndugu mwamini, ukishapokea kadi yako, kazi inayobaki ni yako.

Usiiweke katika mifuko ya plastiki laini inayonuka, ile ya bei rahisi. Plastiki hiyo ina mafuta ndani yake, na katika joto la pwani huilainisha tona na kuinyonya. Siku ya kuitoa kadi utakuta jina lako limehamia kwenye mfuko. Bahasha ya karatasi ni bora zaidi, na bahasha hiyo ikae ndani ya chombo kisichopitisha maji.

Usiikunje mara nne ili ienee katika pochi. Usiifute kwa kitambaa chenye maji. Usiibandike ukutani panapopigwa na jua.

Kuhusu laminesheni, nawashauri msiifanye kwa cheti cha ubatizo. Kadi iliyofungwa katika plastiki haiwezi kuongezewa taarifa za Kipaimara au ndoa, na hakuna anayeweza kugusa mhuri na sahihi kuona kama ni vya kweli. Tena, ikiwa kadi ilikuwa na unyevu, unyevu huo hufungiwa ndani pamoja nayo.

Jambo rahisi kuliko yote: nakili namba ya daftari, jina la parokia na tarehe ya ubatizo katika daftari la nyumbani, na kuwapigia picha kwa simu baba, mama na msimamizi wakiwa na kadi hiyo mkononi siku ileile. Mafuriko ya Januari 2020 wilayani Kilwa yalitufundisha kwamba familia inayokimbia maji huondoka na watoto, si na sanduku la karatasi.

Kadi ikishafutika

Usiandike juu ya herufi zilizofifia kwa kalamu yako. Wala usimpelekee kijana wa steshenari “akurekebishie”. Hata kama taarifa zote ni za kweli, hati iliyotengenezwa nje ya parokia na kupachikwa mhuri wa zamani ni hati ya kughushi, na paroko akiigundua atatilia shaka hata yale yaliyo kweli. Vijana wetu wa maduka, Wakristo kwa Waislamu, nawaomba mkatae kazi hiyo kwa adabu na kumwelekeza mteja parokiani.

Njia ya haki ni fupi. Nenda kwa paroko wako wa sasa, mweleze ulibatizwa wapi na mwaka gani, hata kwa kukadiria. Yeye ataandika au kupiga simu parokia ya ubatizo, daftari litafunguliwa, na cheti kipya kitatolewa. Kwa ajili ya ndoa, kwa kawaida utatakiwa kuwa na cheti kilichotolewa karibuni hata kama kadi yako ya zamani ni safi, ili ijulikane kwamba hakuna ndoa nyingine iliyoandikwa pembeni mwa jina lako.

Na kama daftari lenyewe limepotea au kuliwa na mchwa, usikate tamaa. Kanuni ya 876 inasema kwamba, pasipo kumdhuru mtu mwingine, ushahidi wa shahidi mmoja asiye na shaka unatosha kuthibitisha ubatizo, au kiapo cha mbatizwa mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Ndiyo maana msimamizi wa ubatizo si mtu wa kupiga naye picha tu. Siku moja huenda akawa ndiye daftari lako.

Uaminifu katika jambo dogo

Wapo watakaosema: Padre, yapo mambo makubwa ya kufundisha kuliko printa. Ni kweli yapo. Lakini Bwana wetu alitufundisha kwamba aliye mwaminifu katika dogo ndiye atakayekuwa mwaminifu katika kubwa, na mimi nimejifunza maneno hayo kwa gharama ya mwamini mwingine. Ayubu, katika mateso yake, alitamani maneno yake yachongwe mwambani yasipotee. Masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga majina yao kwenye shaba, na sarafu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa wakati Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, ilipatikana mbali huko Great Zimbabwe. Baada ya karne karibu saba, jina la sultani bado linajulikana kwa sababu fundi wake alilikandamiza vya kutosha. Jina la mtoto wa Mungu aliyebatizwa katika kigango chetu halistahili uangalifu mdogo kuliko huo.

Mnaweza kuuliza mambo ya kijana wetu yaliishaje. Mzee wetu Katekista alifungua daftari la ubatizo, lile la kurasa zenye mistari lililoandikwa kwa kalamu, akaanza kupekua mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa kijana mwenyewe hakukumbuka tarehe. Alilipata jina siku ya tatu. Matangazo yalichelewa kwa Dominika moja, na ndoa ikafungwa salama. Nilimwomba kijana radhi kwa simu. Akanijibu, “Baba Padre, mimi nilidhani ni mimi niliyeitunza vibaya.” Jibu hilo liliniuma kuliko angenilaumu.

Kati ya kadi zile 42, hadi leo zimerudi 35 na wenyewe wamepewa nyingine. Saba bado ziko kwa wenyewe, mahali nisipopajua. Kwa hiyo, ndugu yangu unayesoma makala hii, popote ulipo, hata kama hukupewa Kipaimara kwetu: toa kadi yako leo, weka ukucha juu ya jina lako na ulikwangue taratibu. Likibaki, mshukuru Mungu na aliyelichapa. Likitoka, usisubiri siku ya ndoa. Njoo parokiani, daftari lipo.